Pointi za Aliyerusha Kwanza

Mwezi uliopita mtu mmoja wa timu yetu ya zamani alituma kwenye kundi la simu picha ya karatasi ya takwimu, ile ya mechi yetu na Geita. Karatasi imekunjika na ina doa la chai, lakini namba zinasomeka vizuri. Watu wakaanza kumimina vidole gumba na vikatuni vya moto. Mmoja akaandika kwamba siku hizi hakuna tena wafungaji wa namna ile. Mwingine akasema yule dada angezaliwa Ulaya tungekuwa tunamwona kwenye televisheni. Mimi nilikuwa nasonga ugali, na nilipoisoma ile karatasi nilisikia kinyaa mpaka nikauachia mwiko ndani ya sufuria.

Basi nami nina la kusema. Karatasi ile ni ya uongo. Matokeo yaliyoandikwa juu kabisa ni sahihi, tulishinda kwa pointi moja, hapo sina ugomvi na mtu. Uongo uko chini, kwenye majina ya wachezaji na pointi za kila mmoja. Yule dada ameandikiwa pointi za kujaza kapu. Mimi nimeandikiwa mbili. Mbili tu, mtu niliyetoka uwanjani siku ile mdomo umepasuka na kucha ya kidole gumba inaning'inia.

Tulikuwa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, Kahama mjini. Tulijiita wachezaji wa kulipwa, kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri alitupa jezi na posho ya mechi, posho ambayo ukishapanda pikipiki kwenda na kurudi inabaki soda. Geita ndiko walikolipwa kweli. Kule kulikuwa na timu ya bosi mmoja ambaye kampuni yake inachoronga miamba kwa ajili ya migodi. Wachezaji wake walikuwa na mshahara wa kila mwezi, chumba cha kulala na kadi ya bima. Msimu ule bosi akatuma salamu kwamba ligi ikiisha atamchukua mchezaji mmoja kutoka kwetu. Kuja kutuangalia hakuja. Alimwambia kocha wetu ampelekee namba za mechi yetu na timu yake, kwa kuwa ndiyo ngumu, naye atachagua mwenyewe.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa naanika, nafagia, nabeba pumba. Vumbi la pumba linaingia kwenye kifua na halitoki, unakohoa mpaka majirani wanakuuliza kama umeshapima. Umri nao ulikuwa umeanza kunisogelea, na mchezaji anayecheza chini ya ringi huzeeka magotini kwanza. Nilijua kabisa kwamba nisipoenda Geita msimu ule, siendi tena. Ile nafasi niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume yeyote, na nilikuwa sioni haya kusema hivyo.

Yule dada nilikuwa naishi naye. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Nyasubi, tukapikia sufuria moja, na mpishi nilikuwa mimi. Yeye alikuwa mwembamba, mrefu, ana tabasamu la kuuzia sabuni. Alikuwa mrushaji wetu. Nasema mrushaji, sisemi mfungaji, na mtaona kwa nini.

Kwetu Usukumani vikundi viwili vya ngoma hupangwa kwenye uwanja mmoja vikacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni anayevuta watu. Ndiyo maana wengine huingia na chatu shingoni. Watu wetu walikuja kwenye kikapu na macho yaleyale ya ngoma. Hawakuangalia mpira umeingia au haujaingia, waliangalia nani anapendeza. Yule dada akalijua hilo mapema. Alirusha kutoka mbali, mguu mmoja nyuma, mkono ukibaki juu hewani kama anamuaga mtu aliyepanda ndege. Akibadili upande wa kushambulia, mashabiki nao wanahama, wanabeba viti vyao, wanazunguka uwanja kumfuata. Nilikuwa nikiwatazama nasikia kinyaa, watu wazima wenye ng'ombe na wake, wanahamisha viti kwa ajili ya mkono uliobaki hewani.

Sasa mpira wa mbali mara nyingi hauingii. Unagonga chuma, unaruka, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Kuudaka mpira uliorudi ndiyo tunaita ribaundi. Ni kazi chafu. Unasimama katikati ya wanawake wanne wenye jasho, kiwiko cha mmoja kiko ubavuni mwako, mwingine anakukanyaga makusudi huku anamtazama refa kwa unyenyekevu. Unaruka, unaukamata, unaurudisha palepale ndani ya ringi kabla hujashuka. Haipendezi kutazama. Shangazi yangu alikuja mara moja akaniambia nilikuwa kama mtu anayemnyang'anya nyani hindi. Lakini mpira unaingia, na ukiingia ni pointi mbili za timu, na katika kikapu kila mtu duniani anajua ni za nani. Ni za aliyeuingiza.

Siku ya mechi upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma vumbi jekundu kuvuka uwanja. Geita walikuja na basi lao lenye viyoyozi, wakashuka na viatu vinavyofanana wote. Mpaka mapumziko tulikuwa tunafukuzana. Yule dada alirusha, akarusha, akarusha. Ilikuwa imeingia michache, sitamnyima chake. Mingine yote iligonga chuma na mimi nikaimalizia, mmoja baada ya mwingine, mpaka beki wao mkubwa akaniambia, "Dada, hebu choka na wewe." Mmoja haukugusa hata chuma, ulipita hewani moja kwa moja kama ndege aliyekosea njia, nikaudaka upande wa pili nikauweka ndani.

Robo ya mwisho walitutangulia kwa pointi moja na muda ulikuwa unakatika. Kila mtu alijua mpira utakwenda kwa nani. Akaupokea, akaruka, mguu nyuma, mkono juu, watu wakasimama kwenye viti. Mpira ukagonga chuma cha mbele ukaruka. Niliruka na yule beki wao, kichwa chake kikanipasua mdomo, nikaudaka kwa vidole, nikausukuma ndani. Filimbi ikalia.

Watu wakavamia uwanja. Wakambeba yeye. Walimwinua mabegani wakamzungusha uwanja mzima, mkono wake bado uko juu, na mimi nimesimama chini ya ringi natema damu kwenye vumbi. Nilicheka. Nilisema moyoni, wabebe tu, karatasi itasema.

Karatasi ikasema. Jioni kocha alituma picha yake kwenye kundi, ileile iliyorudi mwezi uliopita. Niliisoma nikidhani nimekosea mstari. Nikahesabu pointi za wenzangu wote na zangu mbili nikajumlisha, jumla ikawa sawa kabisa na matokeo. Hakuna pointi iliyopotea. Zangu zote zilikuwa zimehamia kwake.

Asubuhi nilikwenda kumwona mtu aliyeiandika. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni, kwao ni porini huko upande wa Ushirombo, ukoo wa wawindaji. Chama cha mpira wa kikapu kilimpa kazi ya takwimu kwa sababu ana mwandiko mzuri na hanywi pombe. Nilimkuta anapima chumvi ya ng'ombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Hongera, mmewanyoosha wale. Ng'ombe wako hawajambo?"

"Sina ng'ombe, baba. Nimekuja kwa sababu ya ile karatasi. Pointi zangu umempa mwenzangu."

Hakushtuka. Aliweka chini kopo la chumvi akafuta mikono, kwa utulivu ambao uliniudhi kuliko kama angenifokea.

"Ule mpira wa mwisho," akasema, "nani aliurusha kwanza?"

"Yeye. Akakosa."

"Hakukosa. Uligonga chuma. Nakuuliza wewe: mnyama akichomwa mkuki, akakimbia nao mpaka pori la tatu, akakuta umesimama, ukammalizia kwa rungu. Huyo mnyama ni wa nani?"

"Baba, huu ni mpira wa kikapu."

"Ni wa nani?"

Nilijua jibu, kila mtu wa kwetu analijua, na ndicho kilichonitia hasira zaidi. Akajijibu mwenyewe.

"Ni wa aliyemchoma kwanza. Watu wameuana kwa jambo hilo zamani, ndiyo maana likawekewa sheria. Anayemmalizia anapewa mguu wa mbele. Na wewe wako nimekupa. Angalia hapo penye ribaundi, kuna anayekukaribia? Hakuna. Sijakudhulumu hata chembe."

"Na hizi mbili nilizoandikiwa?"

"Zile ni za ule mpira uliopita hewani. Mkuki uliokosa hauna mwenyewe. Ule ni mnyama wako kabisa."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayenipa habari njema. Nilisimama mbele ya yale makopo ya dawa ya minyoo nikatamani awe amekula rushwa. Mla rushwa unajua pa kumpeleka, unajua na la kumwita. Huyu alikuwa ameketi mechi nzima, kalamu mkononi, akinidhulumu kwa uadilifu. Kila nilipomalizia mpira alikuwa ametikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika jina la mwingine. Nikamwambia kwamba kikapu hakina pori wala mnyama. Akanijibu kila kitu kina mwenyewe, na akaniuliza kama nataka dawa ya kupe, kwa sababu walikuwa wamepunguza bei.

Nikaenda kwa kocha. Huyo ndiye aliyenichefua kuliko wote, maana yeye sheria ya kikapu aliijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mzee amechemka kweli," akasema. "Lakini nimeshasaini. Na bosi nimeshamtumia."

"Mtumie nyingine. Mwambie hii ina makosa."

"Nikisema ina makosa, Geita watakata rufaa. Watasema kama majina yamekosewa, basi na matokeo yamekosewa. Unataka tunyang'anywe ushindi? Timu kwanza, dada. Wewe Mungu atakulipa."

Nimesikia maneno hayo mara nyingi maishani mwangu, na kila mara msemaji huwa ameshalipwa chake. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nina mdomo.

Jibu la bosi lilikuja kwa sauti kwenye simu ya kocha, naye akanisikilizisha ili niamini. Bosi alikuwa anaongea huku anatafuna. Alisema atamchukua huyu mwenye pointi nyingi. Kisha akaongeza, "Na huyu mwenye ribaundi kibao na pointi mbili, huyu mwache. Waokotaji Geita ninao wa kutosha."

Asiyejua Geita hatalielewa tusi hilo. Kule kuna mawe ambayo mgodi ukishayachuja unayatupa, yanaitwa magwangala, na kina mama hukaa juani wakiyaokota na kuyaponda wakitafuta chembe ya dhahabu iliyosahaulika. Hao ndio waokotaji. Basi bosi alikuwa ametazama karatasi akaniona mimi huko, nimeinama na nyundo kwenye mabaki ya mtu mwingine.

Jioni ile nilimweleza mwenzangu yote, ya mkuki, ya mguu wa mbele, ya kocha. Alikuwa anafumua nywele kitandani. Nilitegemea akasirike kidogo, hata kwa kuigiza. Alinitazama kupitia kioo.

"Mimi sikuandika," akasema. "Si wao ndio walioandika?"

"Mpigie bosi umwambie."

"Nimwambie nini, kwamba sijui kufunga? Wewe nawe. Tulia. Nikifika huko nitakuvuta."

Nitakuvuta. Neno hilo nalo tunalijua. Lakini nilishika neno lile kwa sababu hakukuwa na lingine la kushika. Nikamfulia jezi, nikamfungia michembe ya viazi na karanga za njiani, akapanda basi. Niliporudi chumbani nilikuta ameacha nywele zake bandia za zamani kwenye beseni langu la vyombo. Nilizitoa kwa kijiti.

Msimu mzima uliofuata nilikuwa nabeba pumba huku nikisubiri kuvutwa. Simu zake zilikuwa fupi. Mara mtandao ni mbaya, mara yuko mazoezini, mara bosi amesafiri. Kisha habari zikaanza kutufikia kwamba huko mambo hayamwendei. Anarusha, mpira unagonga chuma, na waliokuwa chini ya ringi kule hawakuwa na mazoea naye. Kwenye karatasi zao, ambazo ziliandikwa na mtu asiyejua lolote juu ya mikuki, jina lake lilikuwa na pointi za aibu. Nilipaswa kufurahi. Nilichokisikia ni kinyaa kilekile, kwa sababu nilijua kabisa mipira ile inadondokea wapi. Ningeweza kuidaka nimefumba macho.

Akarudi. Ilikuwa Jumapili mchana, nimetoka kanisani nimepika ugali na kuku wa kienyeji, anasa ya mara moja kwa mwezi. Aliingia na begi lake bila hodi, akasema "Yaani nina njaa," akakaa kwenye mkeka. Nikampakulia. Alikula kwa haraka huku akimlaani bosi.

"Yule mzee ana dharau usione," akasema. "Juzi kaniita ofisini. Kaiweka mezani nakala ya ile karatasi yetu ya Kahama, kaziweka na zao za kule pembeni. Ananiuliza eti hizi pointi zote kule ulizipataje, mbona huku hata robo yake huna? Nikamwambia hali ya hewa. Akaweka kidole kwenye jina lako."

Niliacha kutafuna.

"Jina langu?"

"Ndiyo. Akasema, huyu mwenye ribaundi zote hizi na pointi mbili, mimi niliona ajabu tangu siku ile. Mtu anadaka mipira yote hii karibu na ringi, anaipeleka wapi? Niambie ukweli, huyu ndiye aliyekuwa anakumalizia? Kwa sababu kama ni yeye, nampigia simu leo, nina nafasi."

Alilamba vidole. Kuku alikuwa mtamu, alisema, mkono wangu haujapotea.

"Ukamjibu nini?" nikamwuliza.

"Ningemjibu nini sasa?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakukuwa na hila machoni mwake hata kidogo. "Nikamwambia hapana bosi, huyo alikuwa anaokota tu. Ningesema ndiyo, si angenifukuza palepale akakuchukua wewe? Hata wewe ungekuwa mimi ungesema hivyohivyo."

"Halafu?"

"Halafu kanifukuza hivyohivyo! Kasema basi namba za Kahama zote ni za uongo, hatachukua tena mtu kutoka kwetu. Kaichana ile karatasi. Unaona roho yake ilivyo mbaya?"

Alisubiri nimuunge mkono. Nje jirani alikuwa anatwanga kisamvu. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wake unaong'aa mafuta, nikiwaza kwamba kuna siku, tena juzi tu, ambapo kidole cha bosi kilikuwa juu ya jina langu na simu iko mezani, na aliyetakiwa kusema neno moja alikuwa mtu huyu niliyemfulia jezi. Kumwombea mabaya sikuweza. Kulia sikuweza. Nilihisi tu kama nimemeza nywele.

Kisha akanyoosha sahani. Aliinyoosha tu mbele yangu kama alivyozoea, huku anageuka kutafuta maji. Ugali ulikuwa umebaki kipande kimoja na paja moja, vyote vyangu. Nikachukua upawa. Nikampa ugali, nikampa paja, nikammwagia na mchuzi, akala vyote.

Watu husema nina hasira. Ningekuwa na hasira ule mchuzi ungeishia kichwani mwake. Nilichokuwa nacho mchana ule ni kinyaa, na hakikuwa juu yake, wala juu ya bosi, wala juu ya mzee wa mikuki. Kilikuwa juu ya mkono wangu mwenyewe ulioshika upawa.